Ushirikiano wa namna gani?

Neno ushirikiano tumelibebesha mizigo mingi mno. Polisi wakija mtaani baada ya wizi wanaomba tutoe ushirikiano, na maana yao ni tuseme tulichokiona. Kamati ya harusi inaandika kwenye kadi kwamba inategemea ushirikiano wako, na maana yake ni pesa, tena kabla ya tarehe iliyotajwa hapo chini. Bango la mradi wa maji linasema umejengwa kwa ushirikiano wa wananchi na wafadhili, bila kusema nani alichimba mtaro na nani alinunua mabomba. Na jirani asiyeonekana misibani anahukumiwa kwa maneno mawili tu, "hana ushirikiano", na hukumu hiyo humfuata mpaka siku atakapofiwa yeye.

Hayo ni mambo manne tofauti. La kwanza ni kutii, la pili ni kutoa, la tatu ni kugawana kazi, la nne ni kuwapo. Tumeyafunika yote kwa kanga moja, na ndiyo maana watu wanagombana baadaye wakati mwanzoni walikubaliana.

Nayasema haya kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikiviandikia vikundi katiba na mihtasari hapa Mwanza: akina mama wanaoanika dagaa Igombe, wachuuzi wa samaki Kirumba, vijana wa bodaboda Igoma, vyama vya kuzikana vya mitaa ya Nyakato. Wote huanza na sentensi ileile, kwamba sisi ni watu tulioamua kushirikiana. Naiandika, kisha nauliza: kushirikiana kwa namna gani? Hapo ndipo kikao kinapoanza kweli. Mmoja anasema tunasaidiana. Mwingine anasema hapana, tunachanga. Wa tatu anasema huu ni mchezo tu, ule wa kutoa na kupokea pesa kwa zamu, na kijumbe anayezikusanya tunamjua. Wa nne anadhani yuko kwenye ubia. Kila neno hapo ni ahadi ya aina yake. Anayesaidiana hana cha kudai. Aliyechanga ana haki ya kuuliza pesa imekwenda wapi. Aliye kwenye mchezo ana tarehe yake ya kupokea. Mbia anakula faida, na hasara ikija hana pa kujificha.

Chukua mtumbwi wa dagaa. Giza likiingia, yaani zile siku ambazo mwezi hauangazi ziwa, vyombo vinashuka majini jioni vikiwa na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa, wavu unashushwa, na watu wanne au watano wanaupandisha kwa mikono. Ukiwaona alfajiri wakishusha mzigo mwaloni, pale ufukweni vyombo vinapofika, utasema hawa wanashirikiana, na hutakuwa umekosea. Lakini muulize mmoja wao, atakwambia, "Niko kwa tajiri fulani." Tajiri ndiye mwenye chombo. Yeye kaleta mtumbwi, injini, nyavu na taa. Wavuvi wameleta mikono yao na usiku wao. Mshahara hakuna. Mauzo yakipatikana hutolewa kwanza mafuta na chakula, kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na watu kwa mgao waliopatana. Huo haujafika kuwa ubia, maana mvuvi hana hata boliti moja katika injini ile. Ajira nayo haijakamilika, maana usiku ukiwa mkavu hakuna anayelipwa. Neno lao ni mgao, na linatosha kabisa, mradi kila mmoja ajue ni mgao. Shida huanza pale tajiri anaposema "vijana wangu tushirikiane" siku nyavu zimeibwa ziwani, akimaanisha wachangie kununua nyingine. Nyavu mpya zikinunuliwa kwa pesa ya wavuvi, zitakuwa za nani? Nimeona mwaloni mzima ukisimama kwa swali hilo.

Ndani ya chombo kilekile, wavuvi kwa wavuvi wana neno jingine zuri mno: kupokezana. Huyu anavuta, yule anapumzika. Huyu anatoa maji chomboni, yule anashika taa. Katika kupokezana hamfanyi kitu kimoja kwa wakati mmoja, na bado kazi ni moja. Naona kunataka kuaminiana kuliko kuvuta pamoja, kwa sababu ukilala lazima uamini kwamba mwenzako hatalala. Ndilo neno la kubeba jeneza pia. Makaburini watu hawaombwi washirikiane kulibeba. Wanapokezana, bega likichoka linaingia jingine, na jeneza haliguswi na ardhi njiani.

Kusaidiana ni neno la watu wenye kazi mbili. Hili nalisisitiza sana kwenye vikao. Mkiwa na kazi moja, yenye mfuko mmoja, hamsaidiani, mnafanya kazi. Mkiwa kila mtu na yake, halafu ukaacha yako kidogo ukaenda kwa mwenzako, huko ndiko kusaidiana. Igombe wingu likitanda ghafla wakati dagaa wako juani, kila mwanamke anakimbilia chanja zake, akimaliza anakimbilia za jirani hata kama asubuhi walikwaruzana juu ya bei ya ndoo. Hakuna anayeandika. Siku ukianza kuandika nani alimwanulia nani, umeshatoka kwenye kusaidiana umeingia kwenye zamu, na zamu ni jambo jema lakini lina ukali wake: asiyefika anatozwa faini. Nimeshawashauri wanawake wasiliweke jambo la mvua kwenye katiba. Liacheni lilivyo. Mkiliandika, atakayekuwa na mgonjwa nyumbani siku hiyo atakuwa mkosaji.

Sasa kuchanga. Hapa Kiswahili kimetupa kisu kikali na sisi tunakitumia upande wa mpini. Sikiliza sentensi hizi mbili. Tumechanga tukanunua tangi. Tumemchangia akanunua tangi. Ya kwanza tangi ni letu; ya pili tangi ni lake, na sisi tumebaki na shukrani. Herufi chache tu zimehamisha umiliki wa tangi lenyewe. Unachanga katika kitu chenu, unachangia kitu cha mwingine. Nimewahi kusikia ugomvi wa mashine ya kufungasha dagaa ukirudi kikaoni mara kwa mara, na kiini chake kilikuwa hiki: muhtasari wa zamani uliandika "wanachama walichangia ununuzi wa mashine". Walichangia. Mwenye eneo lilipofungwa mashine akasema ni yake, wenzake walimchangia. Wao wakasema walichanga. Waliosaini muhtasari ule walikuwa wameshahama au wamefariki, na karatasi ilibaki ikisema kilichoandikwa.

Kuna na kuchangisha, ambako mtu wa tatu anakusanya, na hapo swali la daftari linaanza. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kuchangisha asipotoa hesabu, watu hawasemi ameiba. Wanasema amechangisha akanyamaza, na kila mtu anaelewa. Serikali nayo imelichukua neno hili: tunaambiwa "kuchangia huduma" pale dirishani hospitali. Mimi pale ningesema kulipa. Ukilipa unapewa risiti na una haki ya kulalamika huduma ikiwa mbaya. Ukichangia unaonekana umetoa kwa hiari, na aliyetoa kwa hiari hulalamika kwa sauti ndogo.

Harambee imetufikia kutoka kwa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa sauti ya watu wanaovuta au kuinua kitu kizito, Jomo Kenyatta akaifanya wito wa taifa lake mwaka 1963, na mpaka leo imeandikwa kwenye nembo ya Kenya. Hapa Mwanza imebaki na maana nyembamba: shughuli yenye mgeni rasmi, kipaza sauti, ahadi na pesa taslimu, mara nyingi kwa ajili ya kupaua kanisa. Sina ugomvi nayo. Ila huwezi kuita harambee kazi ya kusomba mawe kwa kichwa.

Kazi hiyo jina lake kwenye taarifa za halmashauri ni "nguvu za wananchi". Ukizunguka vijiji vya mkoa huu utakuta maboma ya madarasa yaliyopandishwa na wazazi: waliosomba mawe, na Mwanza mawe hatukosi, waliochota maji, waliochanga saruji, mpaka kuta zikafika usawa wa renta. Hapo husubiriwa serikali imalizie. Kikija kibao cha uzinduzi, yale mawe yote yanakuwa maneno matatu, "kwa kushirikiana na", na hata mpangilio wa sentensi unamtanguliza aliyeleta bati. Ningependa kuona kibao kimoja kinachosema nani alileta nini. Wazazi wa Magu au Ukerewe hawaombi sifa. Lakini mtoto anayesoma ndani ya darasa lile anapaswa kujua kwamba ukuta ni wa mama yake.

Wazee walikuwa na neno ujima kwa kazi ya namna hiyo: leo shamba lako, kesho langu, mwenye shamba anapika. Usukumani kazi hii ilikuwa na ngoma yake, bugobogobo, watu wakilima kwa mstari majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Leo inachezwa kwenye sherehe, majembe yakirushwa hewani, na ukienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa utaikuta imehifadhiwa vizuri. Lakini neno ujima limepata msiba. Vitabu vya siasa vilivyofundisha hatua za maendeleo ya jamii vililipa ujima hatua ya chini kabisa, kabla ya utumwa na ukabaila, na sasa kijana akitaka kusema kitu kimepitwa na wakati anasema ni cha enzi za ujima. Inaniuma. Tumelifanya tusi neno lililomaanisha kwamba hakuna shamba litakalobaki na magugu kwa sababu mwenyewe ni mgonjwa.

Kama kuna neno moja ambalo watu wa kanda hii wana haki nalo kuliko wengine, ni ushirika. Miaka ya 1940 mwishoni na 1950 mwanzoni, wakulima wa pamba wa mkoa uliokuwa ukiitwa Jimbo la Ziwa walikuwa wakiuza kwa wafanyabiashara wa kati, na walichokuwa hawakiamini ni mizani. Mkulima alijua mgongo wake ulibeba nini kutoka shambani. Mizani ya dukani ilisema kingine. Wakaanza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe. Hapo ndipo ulipozaliwa ushirika wa pamba: watu walitaka mizani wanayoiamini. Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru, alikuwa katikati ya kazi hiyo. Vyama vya msingi vikazaa vyama vikuu, na mwaka 1955 vikaundiwa shirikisho lililobeba jina la Victoria, likanunua pamba na kumiliki viwanda vya kuchambulia, na likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika.

Ona tofauti. Kabla ya hapo wakulima walikuwa wakishirikiana, kwa maana ya kusaidiana kuvuna na kubeba. Kushirikiana huko hakukuwapa mizani. Ushirika uliwapa, kwa sababu ushirika una hisa, una daftari la wanachama, una mkutano mkuu, na una kanuni moja ambayo ubia hauna: mwanachama mmoja, kura moja. Katika ubia au kampuni, mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Katika ushirika, mwenye ekari moja na mwenye ekari hamsini wakinyoosha mikono, mikono ni miwili. Kanuni hiyo imo mpaka leo katika misingi inayofuatwa na vyama vya msingi vya mazao na vya akiba na mikopo vinavyosimamiwa na sheria ya ushirika ya 2013.

Na anguko lake nalo linafundisha juu ya maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliingilia uendeshaji, jina la Nyanza likachukua nafasi ya Victoria. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Muulize mzee wa Kwimba aliyekuwa akilima miaka ile, atakwambia kwamba kilichorudi hakikuwa kile kilichoondoka: cha kwanza walikiunda wao, cha pili waliundiwa. Mambo mawili yale yote yaliandikwa ushirika kwenye mbao za ofisi.

Kuunda na kuundiwa. Hapo ndipo linapoingia neno ambalo naliheshimu kuliko yote kwenye mikutano ya mtaa, nalo ni lalamiko: hatukushirikishwa. Kushiriki ni kuwamo. Kushirikiana ni kufanya na mwenzako. Kushirikishwa ni kuulizwa kabla. Mtu anaweza kushiriki usafi wa Jumamosi kila mwezi, akashirikiana na majirani kuzibua mtaro, na bado akasimama akasema hakushirikishwa, akawa na haki kabisa, kwa sababu uamuzi wa kuhamisha dampo ulipita juu ya kichwa chake. Viongozi wengi wanajibu vibaya hapa. Wanasema, "Mbona mlikuwepo kwenye mkutano?" Kuwapo kwenye mkutano unaotangaziwa ni kushiriki. Hakujafika kwenye kushirikishwa. Siku hizi kuna ulinzi shirikishi, na kuna usimamizi shirikishi wa uvuvi ambao BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe kwenye mialoni, vinaubeba. Neno zuri, lakini natamani tulipime kwa kipimo hicho: je, mvuvi aliulizwa kabla ya kanuni kuandikwa, au ameambiwa ashiriki kuitekeleza?

Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, imeleta neno jingine mitaani. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejea mwaka uliofuata, na vikundi vikaamka. Fomu zinataka kikundi. Basi watu wanajikusanya: wanawake ambao kila mmoja ana genge lake la nyanya au mama lishe mwenye jiko lake, wanaunda jina, wanachagua mwenyekiti, wanaleta kwangu niandike katiba. Nawauliza: mkopo huu mtaufanyia kazi moja au mtagawana? Wanacheka, wanasema tutagawana. Sawa, lakini deni haligawanyiki. Mkikopa kama kikundi mmekopa kwa pamoja, na "kwa pamoja" ya kwenye mkataba ni nzito kuliko "pamoja" ya kwenye wimbo. Tuko pamoja maana yake tunapendana. Tunadaiwa kwa pamoja maana yake mmoja akizima simu akahamia Kahama, waliobaki watalipa na lake. Naona ni wajibu wangu kulisoma neno hilo kwa sauti kabla hawajasaini, na wapo ambao wakilisikia hivyo wanasema basi turudi kwenye vicoba vyetu, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana.

Vicoba navyo vina uaminifu wake wa kupendeza. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo ni watatu, na mwisho wa mzunguko wanasema wanavunja. Kila mahali pengine kuvunja ni balaa: kuvunja ubia, kuvunja ndoa, kuvunja mkataba. Kwa wanavicoba ni sikukuu. Wanavaa sare, wanapika pilau, wanagawana akiba na faida, kisha wanaanza upya. Mchezo hauna sherehe hiyo. Mchezo ni mzunguko mtupu: unatoa, unatoa, unapokea, unatoa. Aliyepokea mapema amekopeshwa na wenzake, anayepokea mwisho amewawekea akiba, na kijumbe ndiye anayebeba aibu yote mmoja akikimbia. Haya wanawake wa sokoni wanayajua bila kufundishwa, ndiyo maana hutawasikia wakiuita mchezo ushirikiano.

Nisiache watu wafikiri kwamba kufanya jambo pamoja ni wema kwa lenyewe. Hapa ziwani wanaovuta kokoro, wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukweni, wanafanya kazi kwa umoja unaopendeza macho: kundi huku, kundi kule, kamba ndefu, wimbo mmoja, hatua moja nyuma. Na kokoro limepigwa marufuku, kwa sababu linakomba mazalia yote pwani, sangara na sato ambao hawajafika hata shingo ya kiganja. Kiswahili kina neno kwa ajili ya umoja wa namna hiyo ukipangwa gizani, nalo ni njama, na njama haifanywi, inaliwa, kama kiapo. Hati ya mashtaka husema "kula njama kutenda kosa". Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, tuliowasifu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, walikuwa na nguvu ileile ya pamoja: yowe likipigwa kila mwanamume anatoka, asiyetoka anatozwa faini, akirudia anatengwa. Ng'ombe walirudi. Lakini baadhi ya vikundi viliigeuza nguvu hiyo kwa watu walioshutumiwa uchawi, na wanawake wazee waliopata madhara nao walifanyiwa hivyo na watu walioshikamana.

Kutengwa. Nadhani hili ndilo kinyume halisi cha ushirikiano katika maisha ya kila siku, kuliko ugomvi au ubinafsi. Aliyetengwa hapigwi wala hatukanwi. Anaachwa tu: hapewi moto, hasalimiwi kisimani, na akifiwa anachimba kaburi na wanawe.

Ndiyo maana vyama nilivyoviandikia kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote ni vile vya kufa na kuzikana. Tazama neno lenyewe. Kupigana kunawezekana, nakupiga unanipiga. Kusalimiana kunawezekana. Kuzikana hakuwezekani, ukinizika, mimi sitakuzika. Na bado watu wote wa mtaa wanalisema bila kutatizika, kwa sababu wanaojibu si watu wawili, ni mtaa. Nakuzika wewe, atanizika jirani ambaye wewe ulimzikia baba yake. Hakuna ubia wala mchezo unaoweza kuahidi kitu cha namna hiyo, maana hapa mtoaji hatapokea akiwa na macho ya kuona. Katika daftari la rambirambi kiasi kinaandikwa, lakini kinachokumbukwa ni nani alikesha.

Kipengele kigumu kuliko vyote kuandika ni cha kuondoka. Nimeona kwamba ukitaka kujua watu wamefungwa kwa neno gani, waulize mtu akitaka kutoka anafanyaje. Kwenye mgao, mvuvi anasubiri giza liishe, anapokea chake, anahamia kwa tajiri mwingine. Kwenye ubia ni hesabu na mashahidi. Kwenye ushirika anaandika barua ya kujitoa na kudai hisa zake kwa utaratibu wa masharti. Kwenye mchezo hatoki mtu kabla wote hawajapokea. Nchi nazo ni vivyo hivyo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, kila nchi ikabaki na bendera yake, ikaundwa upya kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999; Muungano wa 1964 ulizaa jamhuri moja, na mjadala wake ni wa namna nyingine kabisa.

Kikundi kimoja cha Igombe ambacho kimeniita majuzi kina wanachama walewale katika mambo mawili: mchezo wa kila wiki na chama cha kuzikana. Mwenzao mmoja amehamia Geita kwa mumewe. Mjadala ulikuwa mrefu, na wakubwa kwa umri waliachiwa waseme mwisho. Wengine walitaka afutwe, kwa kuwa hahudhurii. Wengine walisema kila msiba ukitokea anatuma rambirambi kwa simu kabla hata ya walio jirani. Nikawaambia wasitafute kipengele kimoja cha wote wawili. Kwenye daftari la mchezo tukaandika kwamba ameshapokea, amemaliza kulipa, na jina lake limefutwa kuanzia mzunguko ujao. Kwenye daftari la kuzikana jina lake limebaki palepale lilipokuwa, na mbele yake wameandika Geita, ili watakaokwenda wajue nauli ya basi.